Aliyepiga Magoti Zizini

Walipofika langoni mwa hifadhi, jua lilikwisha kupanda kiasi cha kuyafanya mabati ya paa yalie yenyewe kwa joto. Sajenti alizima gari, akafungua mlango, akaufunga tena upesi.

"Afande, huku nje ni tanuri. Kama kuna mwizi, ameshaiva."

"Hatukuambiwa kuna mwizi," Inspekta alimjibu. "Tumeambiwa kuna mama amepotea. Shuka, binti yangu, na uchukue maji yote yaliyomo garini."

Hifadhi yenyewe ilikuwa safu ya nyumba fupi zilizopakwa chokaa, zikifuatwa na mazizi ya waya, kisha jangwa. Upande wa mashariki kulikuwa na tambarare ya changarawe nyeupe; upande wa magharibi vilima vya mchanga mwekundu vilipandana hadi upeo wa macho. Hapo ndipo walipotunzwa wanyama walioachwa yatima na bunduki au ukame, hadi watakapoweza kurejeshwa nyikani. Kazi hiyo aghalabu ilifanywa na watu wa kujitolea, waliokuja kwa msimu mmoja mmoja, wakilala katika vyumba vya vitanda vya chuma na kuzitumia saa zao za mapumziko kuizunguka nchi ile kavu kwa miguu.

Daktari wa wanyama, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa hifadhi, aliwapokea barazani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyefunga kitambaa cha kazi kichwani, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alikwisha kutandaza ramani mezani na kuikandamiza kwa mawe.

"Karibuni. Sitawapotezea wakati," alisema. "Aliyepotea tunamwita Shangazi, sote, hata mimi niliye rika lake. Ni mkunga mstaafu, na huu ni msimu wake wa pili hapa. Jana jioni alimlisha ndama wake kama kawaida. Leo asubuhi ndama akalia njaa, tukaenda kutazama, chumba chake kitupu. Ametoka usiku, kwa miguu. Mtu wa umri wake hafiki mbali, kwa hiyo nimewapeleka watu wote mashariki. Kuna tundu kwenye uzio wa huko, na ninawahofia majangili."

"Kwa nini si magharibi?"

"Magharibi ni mchanga mtupu. Hata kijana hawezi."

"Nani alimwona jana jioni?"

"Wengi walimwona akienda zizini. Mmoja alimwona akilisha."

Inspekta aliitazama ramani kwa muda mfupi kuliko alivyomtazama aliyeitandaza. "Ahsante, Daktari. Tafadhali usiondoke. Nitakuhitaji."

Kwenye benchi la ukumbini aliketi mwanamke kijana aliyevaa ovaroli ya fundi umeme, bisibisi bado i mfukoni. Huyo alikuwa binti wa Shangazi; simu ilimkuta kazini, naye hakupita nyumbani. Mapajani alipakata kofia ya ukindu iliyoletwa na watafutaji kutoka mashariki.

"Mwanangu, hii ni ya mama yako?" Inspekta alimuuliza, naye akaketi pembeni yake.

"Ni yake. Lakini ilipeperushwa na upepo mwezi uliopita. Alinililia kwenye simu, nikamcheka. Nimewaeleza hawa watu, wananiambia nimechanganyikiwa." Aliigeuza kofia ile mikononi. "Mimi sijachanganyikiwa, baba. Nimekasirika."

"Hasira haituharibii kitu leo. Kwa hiyo kofia hii haisemi lolote kuhusu jana."

"Ndiyo ninavyowaambia!"

"Nieleze afya ya mama yako."

"Mzima. Ila goti. Alipasuliwa mwaka juzi, na tangu hapo goti la kulia halikunjiki. Hata sala anasali juu ya kiti. Anasema malaika watamwandikia sijda yake kwa nia."

"Anatembeaje?"

"Kwa mkongojo. Taratibu, lakini mbishi. Ukimwambia apumzike ndiyo kwanza anaongeza mwendo." Akamgeukia Inspekta. "Baba, niambie kweli. Mtu anavumilia mpaka lini kwenye joto hili?"

"Kama ametoka usiku, tunaweza kumpata mzima kabla jua halijatua," Inspekta alisema. "Kama ametoka mapema zaidi, hata mazungumzo haya ni marefu mno."

Binti yule alitikisa kichwa kukubali. Hakulia.

Chumba cha kuvalia kilikuwa kando ya zizi, kikiwa na mlango wa bati na dirisha lililozibwa kwa gunia. Aliyewafungulia, kwa ufunguo aliopewa na Daktari, alikuwa kiongozi wa wajitoleaji, mwanamume mnene aliyekuwa akinyoa watu maisha yake yote, na ambaye hata jangwani hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Kinyozi.

"Msiguse, tutazame tu," Inspekta aliagiza.

Ukutani lilitundikwa joho la kijivu, refu la kufika chini, lenye mikono mipana na kofia iliyoshonewa wavu wa kufunika uso.

"Hili ni la nini? Mnacheza michezo ya kuigiza?" Sajenti aliuliza.

"Tungekuwa tunaigiza, mimi ningekuwa mfalme," Kinyozi alijibu. "Hapana, afande. Ndama wa choroa, hawa swala wakubwa wa jangwani, akilelewa na mtu anayemjua kwa sura na sauti, atadhani binadamu ni mama yake. Siku akiachiwa nyikani, akimwona mtu mwenye bunduki, anamkimbilia. Ndiyo maana mlezi anavaa hili. Ukishalivaa huna jina. Husemi, na ukiweza hukohoi."

"Na ninyi wengine?"

"Sisi tukiliona joho linapita, tunageuza uso. Hatusalimu, hatutazami. Mlezi hata chumba chake kiko peke yake, hatuli naye, tunaweza kumaliza siku nzima hatujaonana. Ni sheria ya kwanza hapa. Aliitunga Daktari, na anaishika kuliko sisi sote. Tangu nije sijamwona akichungulia zizini wakati wa kulisha."

"Jana jioni, basi, mliona nini?"

"Tulimwona Shangazi akipita na chupa ya maziwa."

"Uliuona uso wake?"

"Uso? Afande, si nimekueleza kuhusu wavu?"

"Sauti yake?"

"Hatusemi."

"Mwendo wake?"

"Niligeuka. Sote tuligeuka."

"Kwa hiyo mliona joho."

"Tuliona joho," Kinyozi alikiri, na kicheko chote kikamtoka usoni.

Katika kona ya chumba palikuwa na kiti kifupi cha miguu mitatu, kimefungiwa mto wa matambara. Inspekta alikiashiria kwa kidole.

"Hicho ni kiti cha enzi," Kinyozi alisema. "Cha Shangazi. Sheria inataka mlezi apige magoti ili ndama anywe akiwa ameinua shingo. Shangazi hawezi. Tukamtengenezea kiti, tukawa tunamtania: malkia anaelekea barazani! Wajitoleaji wote tunakijua. Daktari hatukumwambia. Angesema kiti kitamfundisha ndama mambo ya watu."

"Naye Daktari hakijui mpaka leo?"

"Atakijuaje? Humu haingii, na zizini hachungulii."

"Funguo za mlango huu?"

"Mbili tu. Mmoja Shangazi ameufunga kamba, anauvaa shingoni, kulala na kuamka. Wa pili ndio huu, wa Daktari."

Inspekta alimwomba Sajenti afunge mlango na abaki na ufunguo. Kisha akataka kumwona yule aliyeshuhudia ndama akilishwa.

Shahidi huyo alikuwa mzee aliyesambaza barua miaka mingi na sasa amestaafu. Alikuwa amefika hifadhini wiki ileile, na kwa ugeni wake walimpa kazi ya kuhesabu ndege juu ya mnara wa mbao. Walimkuta chini ya mnara, darubini shingoni, akizungusha kofia yake kwa vidole.

"Afande, mimi nimekosa," alianza kabla hajaulizwa. "Najua hatutakiwi kutazama. Lakini mtu umepewa darubini, na mnyama mdogo kama yule ananyonya pale chini, utafanyaje?"

"Mzee wangu, katika hifadhi nzima wewe peke yako ndiye uliyetazama," Inspekta alimtuliza. "Leo kosa lako lina thawabu. Uliona nini hasa?"

"Nilimwona Shangazi. Maana yake, niliambiwa huyo ndiye Shangazi, mimi sijawahi kuonana naye. Amevaa joho. Ndama alikuwa anakataa, anarudi nyuma. Akamvutia kwa chupa, polepole, mpaka akakubali."

"Alikuwa amekaa vipi?"

"Amepiga magoti."

"Yote mawili?"

"Yote mawili, mchangani. Kama hivi." Mzee alishika nguzo ya mnara akajishusha, magoti yake yakalia, akabaki pale akimtazama Inspekta kutoka chini. "Na alipomaliza aliinuka mara moja, hakushika kitu. Nikasema, mashallah, mtu mzima na bado yuko imara. Mimi hapa nilipo mtaniinua ninyi."

Sajenti alimpa mkono akamwinua, akamkung'uta mchanga magotini. "Babu, umefanya kazi ya polisi wote," alimwambia, lakini macho yake yalikuwa kwa mkubwa wake.

Inspekta alikwisha kugeuka. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mama huyu hakuwapo hapa jana jioni."

"Ametoka kabla. Na huenda tumepoteza mchana wa jana, usiku mzima na asubuhi ya leo. Kague magari ya hifadhi, uanze na la Daktari. Usimuulize mtu ruhusa, na usikawie."

Ofisi ya Daktari ilikuwa na meza moja, kabati la dawa, na picha kubwa ya kundi la choroa wakiachiwa nyikani, pembe zao ndefu zikiwa zimeelekea juu. Katika picha hiyo Daktari alisimama langoni akitabasamu. Inspekta aliichunguza kwa kitambo.

"Hawa ndio fahari yenu?"

"Kundi la kwanza tulilolea wenyewe na kulirudisha," Daktari alisema. "Liliachiwa msimu uliopita."

"Wapi?"

"Mbali kidogo. Kuna hodhi la maji tulilowajengea."

"Jana ulikwenda wapi na gari lako?"

"Sikwenda popote. Tulikuwa na wageni, watu wanaoifadhili hifadhi. Walikaa hadi jioni."

"Kabla hawajafika?"

"Nilikuwa nikiwaandalia."

"Na wakati wa kulisha, wao walipokwisha kuondoka?"

"Hapa ofisini. Peke yangu."

"Shahidi anasema mlezi alipiga magoti."

"Naam. Ndivyo tunavyolisha."

"Na Shangazi hulisha hivyo?"

"Shangazi ni mtu wa nidhamu. Hulisha hivyo kila siku."

Nje, ndama aliita mara moja, sauti nyembamba, akanyamaza.

"Daktari, goti la kulia la Shangazi halikunjiki. Mtu aliyeshindwa kulikunja mbele ya Mola wake hakulikunja mbele ya ndama wa choroa. Hulisha akiwa ameketi juu ya kiti, na kiti hicho kiko katika chumba cha kuvalia. Kila mwenyeji hapa anajua, isipokuwa mmoja, ambaye hajawahi kuchungulia, kwa sababu sheria ya kutochungulia ni yake. Na mlango wa chumba una funguo mbili. Mmoja umepotea pamoja na Shangazi."

Daktari aliweka viganja vyake juu ya meza kana kwamba meza ilikuwa inayumba.

Sajenti aliingia bila kubisha hodi. "Afande, gari la Daktari. Kiti cha abiria kimesukumwa nyuma hadi mwisho wa reli yake, kama cha mtu anayetaka kunyoosha mguu. Na chini pamejaa mchanga mwekundu."

"Mwekundu," Inspekta alirudia. "Na mashariki ni changarawe nyeupe."

"Sikukusudia," Daktari alisema.

"Makusudio yako utamweleza hakimu. Mimi nataka mahali."

"Kwenye hodhi. Hodhi la magharibi." Sauti yake ilishuka hadi Sajenti akasogea karibu. "Jana asubuhi aliniomba nimpeleke akamwone ndama aliyemlea msimu uliopita. Yumo katika kundi lile. Nikafurahi, maana nami nilitaka kuwaona kabla ya wageni. Tulipofika hodhi lilikuwa kavu. Walikuwa wamelala kulizunguka, wote. Yule wake alikufa kichwa chake kikiwa ndani ya hodhi."

"Kisha?"

"Aliniuliza nani kafunga maji. Nilimwomba tusiseme kitu mpaka wageni waondoke. Akasema atawaambia wageni wao hao. Tukapigiana kelele. Akashuka, akasema hataketi gari moja na mimi. Nikamwambia, basi baki. Nikaondoka. Nilidhani nitarudi muda si muda. Wageni wakakaa. Hata walipoondoka, ndama alikuwa anataka maziwa, na asingelishwa, watu wangeuliza yuko wapi mlezi."

"Ukavaa joho."

"Nikavaa joho. Giza lilipoingia nikaenda kumchukua. Hakuwapo. Niliita mpaka sauti ikakauka."

"Na asubuhi ukawapeleka watafutaji mashariki."

"Nilidhani nitampata mwenyewe, kabla..."

"Kabla watu hawajawaona choroa wako."

Mlangoni alikuwa amesimama yule binti mwenye ovaroli, na hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

"Umemwacha mama yangu jangwani tangu jana asubuhi," alisema, si kwa kuuliza. "Na asubuhi umenipa chai."

Hakumkaribia. Aligeuka, akapiga makelele uani kumwita Kinyozi alete magari, na Inspekta alikuwa tayari ameshika redio akiwaamuru watafutaji wote waiache tambarare.

Walikwenda kwa magari mawili. Daktari aliketi mbele kuonyesha njia, Sajenti nyuma yake. Kinyozi alifuata pamoja na binti, mapipa ya maji na machela. Njia ilijipinda baina ya vilima, ikipotea na kuonekana tena, na mara mbili ilibidi watu washuke wasukume. Hakuna aliyefanya mzaha tena.

Harufu iliwafikia kwanza. Kisha wakakivuka kilima cha mwisho, wakaliona hodhi la saruji katikati ya bonde, na choroa wamelala pande zote, miguu imekakamaa, pembe zao nzuri zimezama mchangani. Kunguru waliruka kwa kelele.

Kinyozi alizima injini, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. Daktari, hata hivyo, hakuwa akiwatazama wanyama.

"Lilikuwa kavu," alisema. "Naapa kwa Mungu, usiku lilikuwa kavu."

Hodhi lilikuwa limejaa pomoni. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya ukingo kwa utaratibu, yakijichorea vijito vyembamba chini ya matumbo ya choroa waliokufa, na mchanga ukiyanywa.

"Maji haya yanatoka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Bombani. Kutoka kisima cha hifadhi."

"Bomba linapita wapi?"

"Nyuma ya vilima. Linakata moja kwa moja, haliifuati njia ya gari. Kuna koki katikati."

"Nani aliifunga?"

Daktari aliyatazama maji. "Mimi. Bomba lilikuwa likivuja pale kwenye koki. Nikafunga nimngoje fundi. Fundi hakuja siku ile. Nikasahau."

"Na jana, ulipowakuta hivi, hukwenda kuifungua?"

"Walikwisha kufa, Inspekta. Niliona haina faida tena."

"Mama amelifuata bomba," binti alisema. Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

Bomba lilitoka ubavuni mwa hodhi, likaingia mchangani nusu, likatokeza mgongo wake mweusi na kuelekea vilimani mahali ambapo gari lisingeweza kupita. Kando yake zilionekana nyayo: mguu mmoja ukikanyaga, mwingine ukiburutwa na kuacha mfereji, na ubavuni vitobo vya mkongojo, kimoja kimoja, bila kukoma. Palikuwa na mahali ambapo mtu aliketi. Mahali pengine alianguka, na alama za viganja vyake zilionyesha jinsi alivyojivuta hadi kwenye bomba akalishika ili ainuke. Inspekta alizipita alama hizo kwa upesi, akizihesabu kimoyomoyo kisha akaacha.

Koki ilikuwa ndani ya kisanduku cha saruji kisichozidi kimo cha meza. Maji yalikuwa yakivuja chini yake, na mchanga uliokizunguka ulikuwa umelowa na kuwa mweusi. Katika kivuli chake chembamba aliketi Shangazi, mgongo umeegemea saruji, mguu wa kulia umenyooshwa mbele, mtandio uliolowa maji umefunika kichwa chake. Mikono yake ilikuwa imechubuliwa na gurudumu la chuma hadi nyama ikaonekana. Midomo ilipasuka. Kifua kilipanda na kushuka.

Binti alimwangukia. Shangazi alifumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia utosini hadi kwenye bisibisi.

"Umekuja na ovaroli?" alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Kazini umeaga?"

"Nimeaga, mama. Nyamaza, unywe."

"Nimekunywa. Ningekosaje kunywa, na bomba lao linavuja hivi." Alimwona Inspekta, akamwona na Kinyozi, na nyuma yao, mbali kidogo, Sajenti akiwa amemshika mkono mwanamke aliyeinamisha kichwa. Macho yake hayakukaa hapo. "Nani mkubwa hapa?"

"Mimi, mama." Inspekta alichuchumaa.

"Maji yamefika kule?"

"Yamefika. Hodhi limejaa."

"Ilinichukua usiku mzima kukizungusha hiki chuma." Alivuta pumzi. "Siku ile tuliwaachia wengi kuliko wale niliowaona pale. Nikasema labda wengine wako nyuma ya vilima. Labda wanasubiri. Kuna aliyekuja kunywa?"

Kinyozi alimtazama Inspekta, akimsihi kwa macho. Binti naye alimtazama.

"Ndege, mama," Inspekta alijibu. "Mpaka tunaondoka pale, ni ndege tu."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za wodini. Walimlaza juu ya machela, wakaukinga uso wake na jua. Kinyozi aliyaona maji yanavyopotea mchangani, na kwa mazoea ya mtu aliyeishi mahali pakavu, akaweka mkono juu ya gurudumu la koki ili alifunge.

"Wewe," Shangazi alimwita kutoka kwenye machela. "Acha hivyohivyo. Choroa hunywa usiku, na usiku bado haujaingia."

Kinyozi aliondoa mkono. Wakamnyanyua wote wanne, Daktari akitangulia, wakaanza kurudi kando ya bomba, na chini ya nyayo zao waliyasikia maji yakienda kule walikotoka.